Upande wa Ndani wa Tairi

Gerejini, stoo ya matairi,
Jumamosi mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo mara mbili. Ya pili ni kwa niaba ya mdogo wangu aliyekuletea barua hii, maana namjua, atakuwa ameingia na mtoto mgongoni na maneno mengi mdomoni akasahau kusalimia. Natumaini imekukuta kwenye kiti chako cha mlangoni, goti halikusumbui, na mama bado anatuvumilia sote. Mimi mwili mzima, nakula, nalala kiasi. Mengine utayajua ukiendelea.

Kabla sijafika mbali nina ombi, na nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi, usinikatalie. Usimpe mama akusomee. Usimpe mdogo wangu wala jirani. Vaa miwani yako, kaa penye mwanga, uisome mwenyewe. Najua utasema, huyu Kiherehere ana wazimu, anajua kabisa kwamba siku hizi sioni. Sawa baba, jaribu hivyo hivyo. Karatasi hii ya kwanza nimeiandika kwa herufi kubwa kama za watoto wanaoanza shule, mpaka naona aibu. Ikikushinda, ikunje uiweke chini ya mto, nami nitakuja mwenyewe.

Ombi la pili. Mama alinipigia simu Jumatano akaniambia kwamba Alhamisi ijayo unakwenda kupasuliwa macho. Tafadhali usiende kabla hujamaliza kusoma. Mama anasema hata daktari wa macho alishangaa. Alikueleza kwamba huo ukungu ulio nao ni wa umri tu, kila mwenye mvi anao, na unaweza kusubiri miaka mitano bila neno. Wewe ukamwambia apasue, kwa sababu unataka usome milimita tena kabla hujafa. Mama alinisimulia hayo akicheka, halafu akanyamaza ghafla, nami nikajua kule upande wa pili anajifuta machozi. Nilikata simu nikaenda kuosha uso kwenye bomba la nje.

Habari za hapa ni zile zile. Gereji ipo, bosi yupo, kitambi kimeongezeka. Ile jeki ya pembeni uliyokuwa ukiitukana kila asubuhi bado inavuja mafuta. Sasa naitukana mimi. Magari ya mbio yamekuwa mengi mjini, sijui watu wanakimbilia wapi na barabara zenyewe ndizo hizi. Kila wiki haikosi mtu na gari lililolala chini kiasi kwamba hata paka hapiti uvunguni, anataka matairi laini ya mashindano, yale yasiyo na mifereji, kwa kuwa ameyaona kwenye simu. Namjibu kwa maneno yako. Namwambia tairi lile kwenye lami kavu, likishapata moto, linashika kama gundi, lakini mvua ikinyesha litapanda juu ya maji, maana halina pa kuyapeleka. Mifereji si urembo, ni mitaro. Wengine wanaelewa. Wengine wananuna, wanavuka barabara, wanakwenda kwa fundi wa ng'ambo ambaye hajawahi kumwambia mteja hapana tangu azaliwe.

Breki Kesho naye hajambo. Yule mwanasheria bado anaamini breki ni za waoga. Wiki iliyopita alikuja na matairi ya nyuma yaliyokwisha ndani ya miezi mitatu, lakini ukiyatazama kwa nje yanang'aa kama ya dukani. Akasema haya mapya fundi, unataka kunila. Nikamshika mkono nikamwinamisha, suti na yote, apapase mwenyewe ukingo wa ndani. Akapapasa, akaacha gari libadilishwe matairi. Nakumbuka uliwahi kumfanyia hivyo hivyo na tai yake ikazama kwenye grisi, ukamwambia eti sasa imepata rangi inayomfaa.

Unakumbuka siku ya kwanza niliyovaa ovaroli, mafundi wakacheka binti ameazima suruali ya baba yake? Ulinivuta hadi nyuma ya gari moja la mbio ukanionyesha magurudumu yalivyoinamia ndani kwa juu, kama mtu aliyetanua miguu ili asisukumwe. Ukaniambia uzito wote unakaa ukingo wa ndani, na ndio unaokwisha kwanza, mahali ambapo mwenye gari haoni. Ukasema tairi ni kama mtu: nje ni sura, ndani ndiyo tabia, na fundi anayepima nje tu amepima sura. Maneno hayo nimeyarudia kwa wateja wengi siwezi kuwahesabu. Kila nikiyasema ulimi unakuwa mzito.

Baba, mama hanifichi kitu. Najua huvuki barabara bila kushikwa mkono. Najua umeacha kusoma gazeti, na ndevu zako ananyoa yeye, na chai anakumiminia yeye kwa sababu unasema hutaki kuunguza watu. Najua leseni yako ya udereva uliirudisha mwenyewe, ukapanga foleni nusu siku, na karani akakuuliza mara tatu una hakika mzee. Najua pia kwamba mjukuu wako alipozaliwa ulikataa kumpakata. Mdogo wangu alikuletea mikononi, ukarudi nyuma, ukasema fundi aliyeshindwa kuona tairi kipara asipewe mtoto. Ana miezi saba sasa. Mdogo wangu anadhani humpendi mtoto kwa sababu ni wa kike, na mimi nimemwacha adhani hivyo.

Sasa turudi nyuma miaka miwili. Najua hupendi, lakini nivumilie.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mvua, na magari mawili yalikuja asubuhi moja. La Breki Kesho na la Mama Mfamasia. Utakumbuka jinsi tulivyomtania yule mama: mjane mzima, amestaafu duka lake la dawa, badala ya kununua kuku anunue gari la mbio, halafu analiendesha kana kwamba amebeba mayai. Magari yale yalikuwa mapacha, rangi moja ya majivu, mwaka mmoja. Na matairi yalikuwa ya aina moja, kwa sababu yako. Mama Mfamasia alikusikiliza mara moja, akachukua yale ya barabarani yenye mifereji mirefu. Breki Kesho alitaka ya mashindano, mkabishana wiki nzima, mwisho akakubali kuchukua kama ya yule mama, kwa sharti kwamba usimwambie mtu.

Ya mbele uliyapima kwa kukata usukani tu. Ya nyuma lazima yafunguliwe, na hapo palikuwa na sheria yako: gari moja, sakafu moja. Gurudumu la gari la pili lisiguswe mpaka la kwanza lifungwe na kushushwa. Ulikuwa ukipima kina cha mifereji kwa milimita sehemu tatu, nje, katikati na ndani, na kila namba ukiiandika hapo hapo kwenye ubavu wa ndani wa tairi kwa ile kalamu yako ya nta ya njano, pamoja na alama ya mwenyewe. Mama Mfamasia alama yake ilikuwa kiduara, eti kidonge. Breki Kesho alikuwa na kimstari kirefu, eti tai. Halafu ndipo unajaza kadi.

Siku ile mimi niliivunja sheria. Bosi alikuwa amesimama dirishani mwa ofisi, na ulikuwa umevuma uvumi kwamba anatafuta fundi mkuu wa tawi jipya. Nilitaka anione. Nilitaka ajue kwamba mimi si mkia wa fundi, ni fundi. Ulipokuwa unapima la Mama Mfamasia, mimi nilikuwa nimeshalinyanyua la Breki Kesho na kulifungua. Ulinitazama juu ya miwani ukaniita Kiherehere, lakini hukunikataza, kwa sababu ulikuwa unajua nilichokuwa nakitafuta, na nadhani nawe ulikuwa unanitakia. Ukayapima na yale. Ya Mama Mfamasia tano, tano, tano. Ya Breki Kesho nje tano, katikati tatu, ndani moja. Kadi ya kwanza ukaandika yuko salama kwa mvua zote. Kadi ya pili ukaandika badilisha, usiendeshe kwenye maji. Bosi akakuita ofisini, ukaenda na kadi zako.

Nikabaki na magurudumu manne. Nikayabiringisha hadi bombani nikasugua rimu zing'ae, maana bosi bado alikuwa akichungulia. Nikayarudisha nikayafunga. Breki Kesho alikuwa na safari, akaacha gari lake hapa gerejini asubiri matairi mapya. Mama Mfamasia aliondoka kwa mwendo wake wa mayai, akatupungia mkono.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa. Kwenye kona ya daraja gari lake liligeuka nyuma mbele, likapiga chuma cha kando, na nyonga yake ikavunjika. Waliomwona walisema hakuwa anakimbia. Jumatatu akaja mkaguzi wa bima na picha. Tairi moja la nyuma lilikuwa limepasuka na jingine limejaa tope la mtaroni, lakini ukingo wa ndani ulionekana vizuri, kipara kama kisigino. Akaiweka kadi yako pembeni ya picha, tano tano tano, akakuuliza kama mwandiko ni wako.

Nilikuwa nimesimama karibu na spana mkononi. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la ovaroli, ukavaa, ukatazama picha, ukatazama kadi, ukavua tena. Ukasema, "Mwandiko ni wangu. Macho yangu yameniaibisha."

Hukusema labda. Hukumtafutia mtu mwingine lawama. Siku ile ile ulikwenda hospitali ukasimama mbele ya kitanda cha yule mama ukamwomba radhi. Jumanne asubuhi, mbele ya mafundi wote, ulinipa kipimo chako, kile cha shaba chenye sindano, ulichokitumia miaka thelathini na moja. Ukasema macho ya nyumba hii sasa ni ya binti yangu. Nilikipokea kwa mikono miwili. Naapa baba, siku ile nilikuwa sijui. Nilikuonea huruma. Na Mungu anisamehe, kidogo nilijivuna.

Nilijua Alhamisi.

Matairi mapya ya Breki Kesho yalifika, nikanyanyua gari lake, nikavuta gurudumu la kwanza, nikalilaza. Ubavu wa ndani kulikuwa na kidonge. Kidonge cha njano, na pembeni yake tano, tano, tano, kwa mkono wako. Nikavuta la pili. Kidonge. Nilikaa chini pale sakafuni. Nikachukua kipimo chako nikapima. Tano, tano, tano. Ulikuwa umesoma sawa, baba. Ulisoma sawa kila tairi, kila sehemu, nje, katikati na ndani. Macho yako hayakukosea hata nusu milimita. Mimi ndiye niliyemfungia Mama Mfamasia magurudumu ya Breki Kesho. Pale bombani niliyachanganya, na wakati wa kuyafunga nilitazama rimu zinavyong'aa, sikutazama upande wa ndani.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo nadhani umelisahau kwa kuwa lilikuwa la kila siku. Ulipotoka ofisini siku ile, magari yakiwa yameshashuka chini, ulipita nyuma yangu ukaniuliza kama ulivyouliza kila mara, "Umesoma maandishi?"

Nami nikajibu, "Nimesoma."

Sikuwa nimesoma. Nilijibu kama mtu anavyoitikia salamu. Uliniamini, ukaenda kunawa mikono.

Nakiri yote basi. Alhamisi ile, nikiwa nimekaa chini na kidonge mbele yangu, nilisikia viatu vya bosi vinakuja. Ningeweza kumwita. Ulikuwa bado mjini, wewe na mama mlikuwa mnafunga mizigo ya kuhama, mlikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ningekimbia na ovaroli langu nikakuambia fungua mabegi. Badala yake nilichukua kitambaa chenye petroli nikafuta. Nilisugua kidonge cha kwanza, nikasugua cha pili, nikasugua tano zote sita. Bosi alipofika aliuliza vipi, nikamwambia yamekwisha, natoa. Akasema kazi nzuri fundi mkuu. Ndiyo mara ya kwanza aliyoniita hivyo.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nguoni mwako, baba, nikila hadi ukakonda. Nilikusindikiza kituo cha basi. Nilikushika mkono kupanda ngazi, na ulikuwa unapapasa ngazi ambazo ulikuwa unaziona. Nilikuona unajifunza upofu usio wako, na sikusema kitu. Kila mwezi nilijiambia nitamweleza baba mwezi ujao, nikijisemea peke yangu hivyo kama kichaa. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, nikaogopa polisi, lakini zaidi ya yote niliogopa uso wako. Siku za mwizi ni arobaini. Za kwangu zimepita mia saba na nilishaanza kudhani nimesamehewa na kalenda. Mpaka mama aliposema Alhamisi watapasua. Wapasue macho mazima, kwa sababu ya mdomo wangu mmoja.

Matairi yale mawili sikuweza kuyauza wala kuyatupa. Nimeyaficha humu stoo nyuma ya rundo muda wote huu, na ndiyo niliyoyakalia nikiandika. Nta ni kitu cha ajabu. Niliifuta, lakini pale ilipokuwa mpira haukupauka kama kwingine, na ukimwagia maji kidonge kinarudi, cheusi, pamoja na tano zako. Juzi niliyamwagia maji nikamwita bosi aone. Nilimweleza kila kitu kuanzia bombani. Alichuchumaa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mwandiko wako. Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema nivue cheo leo, kazi ataamua akishazungumza na watu wa bima, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kukuona. Mafundi wamejua. Hakuna anayenitania sasa, na gereji bila utani unaijua ilivyo.

Jana nilikwenda kwa Mama Mfamasia. Anatembea kwa mkongojo, na gari lake liko chini ya turubai uani, halijawahi kuwashwa tena. Nilikuwa nimejiandaa apige kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilijua siku wewe ulipomfuata hospitali. Nikamwambia siku ile hapana, ila siku tatu baadaye. Akasema, "Mguu nimeuzoea. Baba yako akilia mbele ya kitanda changu sijamzoea mpaka leo." Akanionyesha mlango. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba, maana niliona ingekuwa kumwongezea mzigo. Ila nilipofika nje aliniita dirishani akaniagiza nikuambie kwamba anataka kukuona.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja Jumapili ijayo na basi la asubuhi. Kama hutaki kuniona mwambie mama anipigie, nitaelewa, sitakuja kukusumbua. Kama utataka nije upate wa kumgombeza ana kwa ana, nitakaa chini na kusikiliza mpaka umalize, hata kama ni siku nzima. Ninachokuomba ni hicho kimoja tu, Alhamisi usiende. Daktari akisema baada ya miaka mitano kwamba muda umefika, hapo sawa, nenda kwa ajili ya ukungu. Usiende kwa ajili yangu.

Mdogo wangu amebeba soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake kuna kipimo chako. Nilikipokea kwa mikono miwili wakati hakikuwa changu, nakirudisha hivyo hivyo kwa mikono miwili. Sindano nimeipaka mafuta.

Sasa nikuambie kitu kuhusu karatasi hizi. Ile ya kwanza niliiandika kwa herufi kubwa. Ya pili nilizipunguza, sidhani kama uligundua. Ya tatu nikapunguza tena. Hii ya nne unayoishika nimeiandika nikiwa nimekiweka kipimo chako pembeni, herufi nikizilinganisha na tarakimu zake, ndogo kama zile, si zaidi. Toa kipimo kwenye soksi ulinganishe mwenyewe. Kama umefika mstari huu bila kumwita mama, basi umesoma milimita, baba, na hakuna mtu aliyekupasua.

Nisalimie mama. Mwambie ajue yote, mwambie wewe, mimi kwake sina uso. Kisha mwite mdogo wangu umchukue mtoto mikononi. Kuna jino la chini limeanza kuchomoza, yeye anasema ni moja, mumewe anasema ni mawili, wanabishana tangu wiki iliyopita. Mpakate, mpeleke penye mwanga, umwangalie vizuri upande wa ndani, halafu uwaambie ni mangapi.

Ni mimi binti yako niliyekukosea,
Kiherehere.